Kiungo Dhaifu: Somo Kuhusu Nyufa, Takwimu na Dhamana



Ndugu zangu, kila jengo linapoporomoka katika mji wetu, maneno ya kwanza kusikika, msikitini hata sokoni, ni kwamba ajali haina kinga na yote ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Ni maneno ya kweli, na muumini hayakatai. Tatizo ni kwamba mara nyingi husemwa ili mazungumzo yaishe. Septemba 2004 hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, kando ya barabara ya Entebbe, iliporomoka ikaua watu 11. Septemba 2022 jengo jingine lililokuwa likijengwa lilianguka Kisenyi, katikati ya Kampala, nalo likaua. Kati ya miaka hiyo miwili yapo mengine, na kila mara kudra ilitajwa kabla mtu hajauliza habari za tofali.

Mimi nasoma Elimu ya Kiislamu, si uhandisi. Somo hili nimeliingia kwa mlango wa fiqhi. Katika masuala ya dhamana, vitabu vyetu vinazungumzia ukuta ulioinama ukamwangukia mtu: nani alipe, na kwa sharti gani. Nikataka kujua ukuta huvunjika vipi hasa. Nikaazima vitabu kwa wenzangu wa uhandisi, nikakuta humo elimu kamili ya kupima bahati ya kitu kuvunjika. Nikakuta pia kwamba fikra yake ya msingi wanachuoni wetu wa hadithi walikwisha kuifikia kwa njia yao, karne nyingi nyuma. Nitaieleza kadiri nilivyoielewa. Anayeogopa hesabu asikimbie, zipo chache tu.

Chaki na waya

Tuanze na chaki, maana haikosekani darasani. Sogeza meza mbili karibu, laza chaki moja juu ya kingo zake, funga kindoo kidogo kwa uzi katikati ya chaki, kisha mimina maji kikombe baada ya kikombe. Utafika mahali itakatika. Andika ni vikombe vingapi, chukua chaki nyingine ya pakiti ileile, rudia. Nimefanya hivi bwenini na wenzangu wawili, tukaloweka sakafu yote. Chaki zote zilikuwa za kiwanda kimoja, urefu mmoja na unene mmoja. Hata hivyo zipo zilizokatika kindoo hakijafika nusu, na zipo zilizokibeba karibu kijae. Ukifanya jaribio la namna hiyo kwa vipande vya waya wa chuma vilivyokatwa katika roli moja, majibu yatakaribiana mno mpaka utachoka kuyaandika.

Tofauti iko ndani. Chuma kikizidiwa hupinda na kuvutika kwanza, kwa sababu chembe zake huweza kuteleza moja juu ya nyingine. Chaki, kioo, kigae, chungu na tofali la kuchoma havina njia hiyo. Nitaviita vitu visivyopinda. Vikizidiwa hukatika papo hapo, bila kutoa salamu.

Na hukatikia wapi? Penye ufa. Kila kitu cha namna hii kina nyufa ndogo ndani yake au juu ya ngozi yake, nyingine hazionekani hata kwa hadubini ya kawaida: kipovu cha hewa, punje ya mchanga, mkwaruzo wa kucha. Katika Suratul Mulk tunaambiwa tuangalie mbingu, kisha tuangalie tena, kama tutaona ufa wowote. Kazi za mikono yetu hazina daraja hiyo. Ukiangalia vizuri utauona.

Mwaka 1913 Mwingereza C. E. Inglis alionyesha kwa hesabu kwamba tundu refu jembamba ndani ya bamba huukusanya mkazo kwenye ncha zake. Tundu likiwa na urefu mara mia ya upana wake, mkazo pale nchani unakuwa mara 201 ya ule ulioko mbali na tundu. Kwa hiyo unaweza kukibonyeza kioo taratibu kabisa, na pale penye ncha ya ufa mdogo ikawa ni kama kukipiga kwa nyundo. Miaka minane baadaye, 1921, A. A. Griffith, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha serikali ya Uingereza cha utafiti wa ndege huko Farnborough, aliimalizia hoja hiyo. Alisema ufa hauendelei mpaka nguvu iliyohifadhiwa ndani ya kitu, ikifunguliwa, itoshe kulipia sura mbili mpya ambazo ufa unazizaa. Hapo ikatoka kanuni: ufa ukirefuka mara nne, uwezo wa kitu kubeba unashuka hadi nusu. Alivuta pia nyuzi za kioo, nene na nyembamba, akakuta nyuzi zake nyembamba kuliko zote zina nguvu karibu mara ishirini ya zile nene, kwa kila kipimo kilekile cha eneo. Kioo ni kilekile. Kilichobadilika ni kwamba uzi mwembamba hauna nafasi ya kuficha ufa mkubwa.

Fundi wa vioo wa mtaani anaijua kanuni hii bila kuisoma. Hakati kioo. Anakikwaruza mstari mmoja kwa kikatio chake, anakiweka ukingoni mwa meza, anakibonyeza, nacho kinafuata mstari. Amekitia ufa mbaya kuliko nyufa zake zote, akachagua yeye ukae wapi. Na wazee waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa karibu na Griffith kuliko walivyodhani. Ufa mrefu huhitaji nguvu ndogo kuendelea kuliko mfupi, kwa hiyo kila siku inayopita ni rahisi kwake kuliko jana.

Bahati nasibu yenye kanuni

Sasa tunaingia kwenye takwimu. Kama nguvu ya tofali inaamuliwa na ufa wake mbaya kuliko zote, basi kuuliza tofali hili lina nguvu gani ni kuuliza limepata ufa gani katika bahati nasibu ya tanuri. Hatuwezi kuuona kila ufa. Tunachoweza ni kuhesabu uwezekano.

Chukua mnyororo. Ukivutwa, hukatika kwenye pete iliyo dhaifu kuliko zote, na uimara wa pete nyingine zote haukusaidii kitu. Tuseme kila pete ina uwezekano wa kupona wa 0.99, maana yake moja tu katika mia itakatika kwa uzito huo. Mnyororo wa pete moja ni salama sana. Mnyororo wa pete 100 unapona ikiwa pete zote 100 zimepona: 0.99 kuzidishwa kwa yenyewe mara 100, ambayo ni takriban 0.37. Yaani minyororo karibu miwili katika kila mitatu itakatika, ingawa ukishika pete yoyote mkononi utaapa kwamba ni nzima. Mnyororo mrefu ni dhaifu kuliko mfupi wa chuma hichohicho. Leonardo da Vinci aliandika jambo la namna hii kuhusu nyaya za chuma, akielekeza zipimwe kwa kikapu kinachojazwa mchanga kidogo kidogo, karibu kama kindoo chetu.

Aliyeigeuza fikra hii kuwa hesabu kamili kwa nyuzi ni F. T. Peirce, mwaka 1926, katika utafiti wa pamba nchini Uingereza. Nataja pamba kwa makusudi. Miaka hiyo pamba ndiyo iliyokuwa ikibeba uchumi wa Uganda, na viwanda vya nguo vya Uingereza ndivyo vilivyokuwa na haja ya kujua kwa nini uzi mrefu hukatika upesi kuliko kipande kifupi cha uzi huohuo.

Kisha akaja Mswidi, Waloddi Weibull. Mwaka 1939 huko Stockholm alichapisha nadharia ya kitakwimu ya nguvu za vitu. Alikifikiria kitu chote kuwa mkusanyiko wa vipande vidogo vilivyoungana kama pete, kila kimoja na ufa wake. Kanuni yake ya msingi, kwa herufi, ni hii:

S = exp[−(V/V₀) × (σ/σ₀)^m]

S ni uwezekano wa kitu kupona. V ni ukubwa wake, na V₀ ni ukubwa wa sampuli tuliyoipima. σ ni mkazo tunaoutia, na σ₀ ni mkazo ambao sampuli za ukubwa wa V₀ zikitiwa, zinabaki 37 tu katika mia. Siri yote iko kwenye m. Hiyo ndiyo namba inayosema vitu hivi vinafanana kiasi gani. m ikiwa kubwa, vitu vyote hukatika karibu kwa uzito mmoja. Ikiwa ndogo, kila kimoja kina lake. Kwa chaki, vyungu na matofali m huwa karibu 5. Kwa vigae maalumu vya kihandisi huwa karibu 10. Kwa chuma cha pua huweza kufika 100.

Tazama namba hiyo inafanya nini. Tia nusu tu ya mkazo σ₀ kwenye sampuli za m = 5. Nusu kwa kipeo cha 5 ni 1/32, na S inakuwa takriban 0.97. Yaani hata kwa nusu ya mzigo, vitatu katika mia vitavunjika. Kwa m = 10 ni kama kimoja katika elfu. Kwa m = 100 unaweza kulala usingizi.

Sasa ongeza ukubwa. Kitu chenye ukubwa mara 32 ya sampuli, kwa m = 5, kinabeba nusu tu ya mkazo uliobebwa na sampuli. Kwa m = 10 kinabeba kiasi cha asilimia 71. Kwa chuma cha m = 100 kinapungukiwa asilimia tatu na kitu hivi. Basi mtu anayepima kipande kidogo maabara, kisha akayachukua majibu kama yalivyo na kuyapeleka kwenye kitu kikubwa, amejidanganya, na kadiri m ilivyo ndogo ndivyo alivyojidanganya zaidi.

Anayetaka kupata m ya chaki zake afanye hivi. Avunje chaki 19. Azipange kuanzia iliyokatika mapema hadi ya mwisho. Kwa uzito uliovunja ya kwanza, uwezekano wa kuvunjika ahesabu 1/20, kwa ya pili 2/20, mpaka ya mwisho 19/20. Ukitoa hiyo kwenye moja unapata S. Kwenye karatasi ya grafu, mhimili wa chini uwe logi asilia ya uzito, na wa wima uwe logi ya logi ya 1/S. Kikokotoo cha simu kinatosha. Nukta zikijipanga kama mstari, mteremko wa mstari ndio m. Na zikivunjika katika mistari miwili yenye miteremko tofauti, kuna habari: umechanganya watu wa makabila mawili. Ndivyo ilivyo kwa matofali ya tanuri zetu za kienyeji, zile zinazojengwa mabondeni na kuchomwa kwa kuni. Ya katikati yameiva, ya pembeni yamepata joto nusu, na lori moja linabeba yote pamoja.

Weibull mwenyewe hakuishia kwenye kuvunjika. Mwaka 1951 alitoa makala nyingine kuonyesha kwamba kanuni yake inafaa mambo mengi, na kati ya mifano yake saba mmoja ni nguvu ya nyuzi za pamba ya India na mwingine ni upana wa maharage. Mimi niliposoma habari ya maharage nilimpenda.

Isnadi

Mwanafunzi wa hadithi akifika hapa atakuwa ameanza kutabasamu. Isnadi ni mnyororo, na sisi tunaiita silsila bila kufikiria. Hatuipimi kwa wastani wa wapokezi wake. Wapokezi watano maimamu wakubwa na wa sita mwenye kumbukumbu mbaya, hadithi ni dhaifu. Hakuna anayesema watano kwa mmoja, basi imepata asilimia 83.

Na hata suala la urefu limo. Wanachuoni walisafiri miezi kutafuta isnadi fupi, ile inayoitwa al-ali, yenye wapokezi wachache kati ya mtu na Mtume (s.a.w.). Imamu Bukhari ana hadithi 22 katika Sahihi yake zenye wapokezi watatu tu, nazo zinatajwa kwa fahari hadi leo. Baraka ya ukaribu imo, lakini Ibn al-Salah, aliyefariki Damascus mwaka 643 Hijria, alieleza katika Muqaddima yake sababu ambayo ni ya hesabu tupu. Alieleza kwamba kila mpokezi ni mlango ambao kasoro inaweza kuingilia, kwa kusahau au kwa kukusudia, hivyo wapokezi wakiwa wachache milango ni michache, na wakiwa wengi milango ni mingi. Hiyo ndiyo V ya Weibull. Tukipiga mfano tu kwamba kila mpokezi ana uwezekano wa 0.98 wa kufikisha bila kuteleza, isnadi ya watatu inafika 0.94 na ya sita inashuka 0.89.

Mfano una mpaka wake, na napenda mpaka huu kuliko mfano wenyewe. Muhadithi anamjua kila mpokezi kwa jina: alizaliwa lini, alisoma kwa nani, alianza kuchanganyikiwa mwaka gani. Elimu yote ya jarh na taadil ni kukagua pete moja moja. Mhandisi hawezi kuandika wasifu wa kila ufa ndani ya tofali. Ndiyo maana yeye analazimika kutumia uwezekano pale ambapo sisi tunatumia majina.

Kuna na upande wa pili. Hadithi yenye udhaifu mdogo ikija kwa njia nyingine kadhaa huinuka ikawa hasan kwa ajili ya nyingine, na mutawatir haihitaji tena kukaguliwa mtu mmoja mmoja. Wahandisi wana jambo hilo pia. Pete zikifuatana ni mnyororo, na nyuzi zikilala sambamba ni kamba. Uzi mmoja wa kamba ukikatika, mzigo unagawanywa kwa zilizobaki. H. E. Daniels aliandika hesabu ya mafungu ya nyuzi mwaka 1945. Kamba inaweza kubeba ingawa kila uzi wake una kasoro, kwa sharti kwamba udhaifu wao usitoke chanzo kimoja. Wanafunzi wa hadithi wanalijua sharti hilo: njia kumi zikirejea kwa mwongo mmoja bado ni njia moja.

Jengo lina yote mawili ndani yake. Ukuta wa matofali unafanya kazi kama kamba kwa kiasi fulani, maana tofali likipasuka majirani zake huupokea mzigo. Lakini jengo la ghorofa lililosimama juu ya nguzo chache, kila nguzo ikibeba fungu lake na hakuna wa kuipokea, ni mnyororo uliosimamishwa wima.

Wastani unavyodanganya

Zege tunalisimamisha kwa vipimo. Vipande vya mchanganyiko uleule hutengenezwa katika viboksi, huhifadhiwa siku 28, kisha hupondwa kwa mashine. Hapa Uganda kuna maabara za kazi hiyo, na tangu Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 kuna bodi ya taifa inayosimamia ujenzi. Jambo ninalotaka mlishike ni kwamba wahandisi makini hawaandiki wastani. Nguvu inayoandikwa kwenye michoro ni ile ambayo majibu yasiyozidi asilimia tano tu yanaruhusiwa kuwa chini yake. Wanauangalia mkia, wanauacha mgongo.

Mtaani tunafanya kinyume. Mwenye nyumba anagonga matofali mawili yaliyo juu ya lori, yanalia vizuri, analipa. Kugonga si upuuzi. Tofali lililoiva lisilo na ufa hulia, lenye ufa husema kama mti uliooza. Wafasiri wa Suratur Rahman wanapoeleza salsal, udongo ambao mwanadamu aliumbwa kwao, wanasema ni udongo mkavu unaotoa sauti ukigongwa, kama kigae. Wanawake wanaonunua vyungu hugonga kila chungu kabla ya kutoa pesa. Neno zito hapo ni kila. Viwandani pia, magurudumu ya kusagia chuma huzungushwa kwa kasi kubwa kuliko ya kazi kabla ya kuuzwa, ili lililo bovu lipasuke kiwandani na si usoni mwa fundi. Ukipima kila kimoja, unaukata mkia. Ukipima viwili vya juu, umepima viwili vya juu.

Kwa uaminifu wa elimu niongeze kwamba zege haliifuati kanuni ya Weibull kikamilifu. Zdeněk Bažant, profesa wa Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani, ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba zege huanza kwa kuchanika eneo pana kabla ya kukatika, hivyo ukubwa hulidhoofisha kwa sababu nyingine zaidi ya bahati ya ufa. Na nondo huwekwa ndani ya zege kusudi jengo lipate kupinda na kutoa onyo. Basi msichukue hesabu zangu za chaki mkaenda kumhukumu nazo mkandarasi wa ghorofa. Wala sidai kwamba Bwebajja au Kisenyi ilikuwa ni m ndogo tu; majengo huanguka kwa misingi mibovu, nguzo nyembamba, haraka na tamaa, mara nyingi vyote kwa pamoja.

Ukuta ulioinama

Sasa turudi kwenye fiqhi nilikotokea. Wengi wetu hapa ni wa madhehebu ya Shafi. Imamu Nawawi katika Minhaj anagawa mambo mawili. Aliyejenga ukuta wake ukiwa umeinamia njia ya watu, ukianguka na kudhuru, ana dhamana. Aliyeujenga umenyooka kisha ukainama wenyewe na kuanguka, hana dhamana. Anataja kauli nyingine, isiyo na nguvu kwake, kwamba kama aliweza kuuvunja au kuutengeneza na hakufanya, atalipa. Wanachuoni wa Kihanafi wamekwenda njia nyingine. Kwao ukuta ulionyooka ukainama, mwenyewe akitakiwa auondoe, na hapa ndipo mashahidi wana kazi, akapata muda wa kutosha na asifanye, dhamana inamshika. Kwa ukuta ulioelekea njia kuu mpita njia yeyote anaweza kudai. Ukielekea nyumba ya mtu, hata wanaokaa humo wana haki ya kudai. Lakini dai lielekezwe kwa mwenye uwezo wa kuuvunja. Kumwambia mpangaji wake hakutoshi. Ninyi mnaokaa katika hosteli za kupanga zenye nyufa ukutani, lisomeni suala hili mara mbili.

Kinachonishughulisha ni mgawanyo wa Nawawi. Kipimo chake ni hali ya ukuta siku ya kujengwa: umenyooka au umeinama. Je, ukuta wa matofali mabichi, yaliyonunuliwa na mtu anayejua kuwa ni ya pembeni mwa tanuri, umejengwa umenyooka? Timazi inasema ndiyo. Mimi naona kwamba umejengwa umeinama, ila mwinamo wake umo ndani ya udongo. Anayesamehewa na Nawawi anasamehewa kwa kuwa kuinama kulikuja baadaye, bila tendo lake. Kuchagua matofali ni tendo lake.

Nilipoitoa hoja hii darasani nilijibiwa kwa swali zuri. Dhamana hujengwa juu ya yakini au dhana yenye nguvu. Vitatu katika mia si dhana yenye nguvu, ni dhana dhaifu. Utamdhaminishaje mtu kwa tatu katika mia? Kwa tofali moja jibu hilo limenyooka. Lakini tuseme ukuta una matofali 1,000, na kila moja lina uwezekano wa 0.03 wa kupasuka kwa mzigo ule. Tunatazamia yapasuke kama 30. Uwezekano kwamba hata moja halitapasuka ni 0.97 kuzidishwa kwa yenyewe mara elfu, namba yenye sifuri kumi na tatu baada ya nukta kabla hujakuta tarakimu nyingine. Kwa tofali hatujui lolote. Kwa ukuta, kwamba umo ufa ni jambo linalokaribia yakini. Kinachobaki kujadiliwa ni kama matofali majirani yataweza kuupokea mzigo wa yaliyopasuka, na hilo ni swali la kumuuliza mhandisi kabla ya kadhi.

Nimelipeleka swali mbele kwa wakubwa zangu katika elimu likiwa hivi: mwenye jengo anapohukumiwa kwa alichokijua, fiqhi ihesabu ujuzi wake juu ya tofali, au juu ya ukuta?